Kuchagua Tangi la Kompyuta Inayopozwa kwa Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mtu anayejijengea mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji, kwa kununua pampu, rejeta (ambapo feni huyaondolea maji joto), bloku za prosesa na za kadi ya michoro (vipande vya metali vinavyopitisha maji juu ya chipu ili kuchukua joto lake), mipira na fitingi (viunganishi vya mipira) kimojakimoja, na sasa amefika kwenye tangi akakuta kuna maumbo na bei za kila namna. Hayahusu mifumo midogo inayofungwa kiwandani ikiwa na maji yake tayari, kwa kuwa hiyo haina tangi la kuchagua.

Tangi linafanya kazi gani hasa?

Linafanya kazi tatu. Ni mahali pa kumiminia maji wakati wa kujaza mfumo. Ni mahali ambapo hewa iliyonaswa kwenye mipira na rejeta hupata nafasi ya kupanda juu na kujitenga na maji. Na ni akiba inayohakikisha kwamba mdomo wa pampu umezama majini wakati wote. Kazi ya nne, ambayo ni ya ziada, ni kukuonyesha kwa macho kama kiwango cha maji kimepungua. Kupoza si kazi yake.

Lakini nimeona watu wakisema tangi kubwa hupunguza joto. Si kweli?

Hili ndilo kosa linalowagharimu watu fedha nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo ni vizuri tulipigie hesabu. Ili joto la kilo moja ya maji lipande kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, zinahitajika takriban jouli 4,186. Tuseme kompyuta yako ya michezo inamwaga wati 400 za joto majini, na mfumo mzima una lita 1. Gawanya 4,186 kwa 400 utapata kama sekunde 10 kwa kila nyuzi, kwa kudhani kwamba rejeta haifanyi kazi kabisa. Ukibadilisha tangi ukaongeza mililita 200, umejiongezea sekunde 2 tu kwa kila nyuzi. Baada ya hapo maji yatafikia kiwango kilekile cha joto ambacho yangefikia na tangi dogo, kwa sababu kiwango hicho kinaamuliwa na ukubwa wa rejeta, kasi ya feni na joto la chumba, si na wingi wa maji.

Mtu anaweza kuuliza: je, nikifunga pipa la lita 200? Hapo utasubiri saa kadhaa kabla maji hayajapata moto, na kuta za pipa zenyewe zitatoa joto kidogo. Wapo waliofanya hivyo, na inafanya kazi, ila hilo si tangi la kompyuta tena, na baada ya kucheza usiku kucha bado utahitaji njia ya kulitoa joto lililorundikana humo. Kwa hiyo, kama una fedha za kuongeza kwenye tangi au kwenye rejeta, ziweke kwenye rejeta.

Basi ninunue la ukubwa gani?

Nunua dogo kadiri unavyoweza kulijaza bila taabu. Kwa mfumo wa kawaida wenye rejeta moja au mbili, tangi la mililita 150 hadi 300 linatosha kabisa. Matangi mengi ya silinda yana kipenyo cha ndani cha karibu milimita 50, na kwa kipenyo hicho kila sentimita 10 za urefu hubeba kama mililita 196. Kwa hiyo silinda ya sentimita 15 ina kama mililita 295, na ya sentimita 25 inakaribia nusu lita, ambayo pia ni nusu kilo ya uzito unaoning'inia kwenye bati la kasha. Uzito huo usiupuuze kama kasha lako ni la bati jembamba.

Faida halisi ya tangi refu ni urahisi wa kujaza na kutoa hewa, kwa kuwa maji yanatulia zaidi na viputo vinapata muda wa kupanda. Faida nyingine ni sura. Anayetaka silinda ndefu kwa sababu inampendeza ana sababu nzuri, mradi asijiambie kwamba amenunua ubaridi.

Kuna maumbo gani?

La kawaida kabisa ni silinda, linalosimamishwa wima ndani ya kasha au kufungwa kwenye feni na rejeta kwa mabano yake. Yapo pia matangi bapa, ambayo ni vipande vya akriliki, yaani plastiki ngumu inayopenyeza mwanga kama kioo, vilivyochongwa njia za maji ndani yake. Baadhi yake ni makubwa kama upande mzima wa kasha na hubeba matundu ya kuunganishia kila kifaa, hivyo kupunguza mipira inayokatiza huku na huko. Hayo yanapendeza machoni, lakini yanatengenezwa kwa kasha fulani mahususi, na ukibadilisha kasha umebaki na pambo la ukutani. La tatu ni lile la zamani linaloingia kwenye nafasi ya inchi 5.25 iliyokuwa ya kiendeshi cha CD. Makasha mengi ya leo hayana nafasi hiyo, kwa hiyo usinunue kabla ya kufungua kasha lako na kutazama.

Je, ninunue tangi lililoungana na pampu, au kila kimoja peke yake?

Kwa mtu anayejenga kwa mara ya kwanza, nunua vilivyoungana. Sababu yake ni jinsi pampu hizi zinavyofanya kazi. Karibu mifumo yote hutumia moja kati ya pampu mbili, D5 au DDC, ambazo asili yake ni kampuni ya Laing ya Ujerumani. Zote mbili husukuma maji vizuri lakini hazijui kujivutia maji zenyewe zikiwa na hewa ndani. Isitoshe, maji yale yale yanayopita ndiyo yanayolainisha mhimili wake. Ikizunguka kavu inajila yenyewe, wakati mwingine kwa dakika chache tu. Tangi linapokaa moja kwa moja juu ya pampu, maji yanateremka kwa uzito wake, na hatari hiyo inapungua sana. Pia unaokoa fitingi mbili na kipande cha mpira, na kila fitingi iliyopungua ni mahali pamoja pasipoweza kuvuja.

Ukiamua kuvitenganisha, pengine kwa sababu ya nafasi, kanuni ni moja: tangi liwe juu ya pampu, na mpira unaotoka tangini uteremke bila kupanda tena mahali popote kabla ya kufika kwenye mdomo wa pampu.

Kuhusu kuchagua kati ya pampu hizo mbili, fahamu kwamba tangi la D5 halipokei DDC, wala la DDC halipokei D5. D5 ni kubwa zaidi na hupozwa na maji yanayopita ndani yake, kwa hiyo haidai mengi. DDC ni ndogo, ina msukumo mkubwa kwa umbo lake, lakini upande wake wa chini hupata moto na huhitaji hewa au kipoza cha bati. Usiifunike kwa sponji pande zote ili kuinyamazisha. Mimi hupendelea D5 isipokuwa kasha likiwa dogo mno.

Tangi likae wapi kwenye mzunguko?

Likae mara tu kabla ya pampu. Hilo ndilo la lazima pekee. Mpangilio wa vifaa vingine, yaani kama maji yaanze kwenye prosesa au kadi ya michoro, au kama rejeta iwe katikati, hauleti tofauti ya maana. Maji yakizunguka lita 4 kwa dakika huku yakibeba wati 400, tofauti kati ya sehemu yenye joto zaidi na yenye baridi zaidi katika mzunguko mzima ni kama nyuzi 1.4. Panga mipira kwa njia iliyo fupi na nadhifu.

Si lazima tangi liwe kitu cha juu kuliko vyote ndani ya kasha, ingawa likiwa hivyo hewa inatoka haraka zaidi. Rejeta iliyofungwa darini mwa kasha mara nyingi itakuwa juu ya tangi, na hilo halina shida. Utalazimika tu kuliinamisha kasha huku na huku wakati wa kutoa hewa.

Akriliki au kioo?

Kioo hakikwaruziki kwa urahisi, hakigeuki rangi, na hakidhuriwi na spiriti wala dawa nyingi za kusafishia. Kasoro yake ni kwamba kikianguka, habari yake imekwisha. Akriliki ni nyepesi, huvumilia kugongwa kidogo, na ndiyo inayotumika kwa matangi bapa kwa sababu inachongeka. Udhaifu wake mkubwa ni pombe za kusafishia. Niliwahi kulifuta tangi langu la akriliki kwa spiriti ili kuondoa alama za vidole, likang'aa vizuri, na kesho yake nikakuta nyufa nyembamba kama nywele kuzunguka kila tundu la fitingi. Hazikuvuja siku hiyo, lakini sikuthubutu kulitumia tena. Akriliki isafishwe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kisha isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa.

Nyufa za namna hiyo hutokea pia bila spiriti endapo fitingi imekazwa kupita kiasi, jambo ambalo tunaligusa hapa chini.

Tangi la bei nafuu lina kifuniko cha alumini. Kuna tatizo?

Kama alumini hiyo inagusa maji, lipo, tena kubwa. Bloku nyingi ni za shaba nyekundu, ama tupu ama iliyopakwa nikeli, na fitingi nyingi ni za shaba ya njano. Metali mbili tofauti zikizamishwa katika maji yaleyale na kuunganishwa, alumini huliwa polepole na kutoa uchafu mweupe unaoenda kuziba njia nyembamba za bloku. Dawa za kuzuia kutu huchelewesha jambo hilo bila kulikomesha. Mara nyingi muuzaji huandika tu kwamba ni "metali", kwa hiyo uliza. Ikiwa alumini ni ya mabano ya nje au pambo lisilofikiwa na maji, haina neno. Plastiki ngumu nyeusi ya asetali ndiyo inayotumika sana kwa vifuniko, na ni nzuri.

Matundu mangapi yanatosha?

Angalau matatu: moja la maji kuingia, moja la kutoka, na moja la juu la kujazia. Bora yawe manne, ili la nne litumike kwa koki ya kumwagia maji, iliyowekwa mahali pa chini kabisa pa mfumo. Watu wengi husahau koki hiyo hadi siku wanapotaka kubadilisha kadi ya michoro.

Karibu matundu yote ni ya kipimo kinachoitwa G1/4, kwa hiyo fitingi za kampuni moja huingia kwenye tangi la kampuni nyingine. Kinachozuia maji hapo ni oringi, yaani pete ya mpira, wala si nyuzi za skrubu. Usifunge utepe mweupe wa mafundi bomba, na usitumie spana. Kaza kwa mkono hadi oringi ibanwe, kisha acha; akriliki iliyokazwa kwa spana hupasuka, na mara nyingi haipasuki saa ileile bali baada ya siku kadhaa, ukiwa umeshaondoka mbele ya mashine.

Maji yanazunguka kama faneli ndani ya tangi na pampu inanguruma. Nifanye nini?

Pampu inavuta kwa nguvu kuliko kina cha maji kinavyoruhusu, na faneli hiyo inashusha hewa hadi kwenye mapanga yake. Kwanza ongeza maji. Pili punguza kasi. D5 yenye kitufe cha namba 1 hadi 5 kwa kawaida haihitaji kuvuka 3. Tatu, kama tangi lako lilikuja na kipande cha plastiki chenye umbo la msalaba kinachokaa chini, kirudishe mahali pake, maana kazi yake ni hiyo hasa. Ikiwa maji yanaingia kutoka juu na kuanguka kwa kishindo, weka bomba fupi la ndani litakalofikisha maji chini ya uso wa maji.

Nitie maji gani?

Maji yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia mwani na kutu, au kulanti, yaani kimiminika cha kupozea, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi na chokaa, na kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anayetumia maji ya kisima yenye ladha ya chumvi, hilo halihitaji maelezo zaidi. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini, kwa hiyo hayafai.

Tahadhari moja: katika vituo vya mafuta na maduka ya vipuri vya magari huuzwa chupa zinazoitwa maji ya betri, na jina hilo hutumika kwa vitu viwili tofauti. Kimoja ni maji safi ya kuongezea betri, ambayo ndiyo unayoyataka. Kingine ni asidi. Soma maandishi ya chupa mpaka mwisho, na usitegemee rangi ya kifuniko.

Kulanti za rangi nzito zisizopenyeza mwanga zina chembechembe ndani yake, na chembechembe hizo hutuama. Zinafaa kwa kompyuta ya maonyesho ambayo itasafishwa baada ya wiki chache. Na kama tangi lako ni la wazi na linapigwa na jua la dirishani, usiache kutia dawa ya mwani, kwa kuwa mwanga ndio chakula cha mwani.

Ninajazaje bila kuiharibu pampu?

Hapa ndipo ukubwa wa tangi unapoonekana maana yake. Pampu inayosukuma lita 4 kwa dakika inamaliza mililita 200 kwa sekunde 3. Kwa hiyo huwezi kuiwasha ukasimama kuangalia. Unaiwasha, unaizima, unajaza, unaiwasha tena.

Kabla ya yote, chomoa nyaya zote za pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) kutoka kwenye ubao mama, kadi ya michoro na diski, ibaki pampu peke yake. Kisha unganisha waya wa kijani wa plagi ya pini 24 ambayo kwa kawaida huingia kwenye ubao mama, ambao ni pini namba 16, na waya mweusi ulio jirani, kwa kutumia plagi ndogo maalumu inayouzwa kwa kazi hiyo. Pawa saplai itawaka bila kuhitaji ubao mama. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, hesabu pini kwa kufuata mchoro, usibahatishe. Tandaza karatasi za shashi chini ya kila fitingi, kwa kuwa shashi huonyesha tone moja ambalo jicho lingelikosa.

Jaza tangi hadi juu, washa pampu, na uizime kabla maji hayajafika karibu na mdomo wake. Rudia hadi kiwango kiache kushuka. Ndipo uiache izunguke huku kifuniko cha juu kikiwa wazi, ukiliinamisha kasha taratibu kila upande ili rejeta iteme hewa yake. Viputo vidogo vinaweza kuendelea kutoka kwa siku moja au mbili. Acha pampu ifanye kazi hivyo kwa saa kadhaa kabla ya kurudisha nyaya nyingine. Ukikuta shashi imelowa, bado hujaunguza chochote.

Nilijaze pomoni?

Hapana. Acha sentimita 2 hivi za hewa juu. Lita 1 ya maji ikitoka nyuzi 25 hadi 45 huongezeka kwa takriban mililita 7, na kwa kuwa maji hayakubali kubanwa, ni hiyo hewa iliyobaki ndiyo itakayobanwa kwa niaba yake.

Ninaishi pwani. Je, tangi litatoa jasho kama chupa ya soda baridi?

Halitatoa. Jasho hutokea pale kitu kinapokuwa baridi kuliko hewa kwa kiasi fulani, na maji ya mfumo huu hayawezi kushuka chini ya joto la chumba, kwa sababu rejeta inapozwa na hewa ya chumba hichohicho. Chumba kikiwa na nyuzi 32, maji yatakuwa karibu 42 wakati wa kazi nzito. Mambo yanabadilika ukitia barafu tangini, jambo linaloulizwa mara nyingi kuliko unavyodhani. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutona juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi, na matone hayo yataangukia ubao mama.

Naweza kuacha tangi kabisa?

Unaweza. Fitingi ya njia tatu kabla ya pampu, yenye kipande cha mpira kinachosimama wima na kizibo juu, inafanya kazi ileile kwa makasha madogo sana. Kujaza na kutoa hewa kutakuchukua siku badala ya saa, na itakubidi kuongeza maji mara kwa mara.

Kiwango kimeshuka baada ya wiki mbili. Ninavuja?

Pengine hapana. Mwanzoni hewa iliyojificha kwenye rejeta hutoka na maji huchukua nafasi yake, kwa hiyo kushuka kwa sentimita moja au mbili ni kawaida. Baadaye, mipira laini hupitisha mvuke kidogo sana kwenye kuta zake, na utaongeza maji labda mara chache kwa mwaka. Kiwango kikiendelea kushuka kila siku, pitisha shashi kwenye kila fitingi ukianzia chini ya tangi.

Ninahama mji. Nisafirishe kompyuta ikiwa na maji?

Kwa safari fupi ndani ya gari lako mwenyewe, inawezekana, kasha likiwa limesimama. Kwa basi au gari la mizigo, mwaga maji yote kupitia koki, na kama tangi ni silinda ndefu, lifungue ulibebe peke yake likiwa limeviringishwa kwenye nguo. Ukifika, kagua oringi za chini ya tangi kabla ya kujaza, kwa kuwa hapo ndipo mtikisiko wa barabara hulegeza kwanza, kisha rudia jaribio la shashi kana kwamba mfumo ni mpya.